Alichosema Mwanamke Kisimani

Kiingilio kilikuwa shilingi hamsini
au kopo la karanga kwa mke wa Nkwabi.
Banda la magunia ya tumbaku, Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa,
deki moja, luninga ya chogo,
na Nkwabi mwenyewe juu ya kreti la soda, maiki mkononi,
akitutafsiria Wahindi.

Mashine ikinguruma, naye alipaza sauti.
Umeme ukikatika, aliendelea na hadithi gizani,
na hakuna aliyedai pesa yake.

Ile picha niliiona mara nne mwaka ule.
Jina sikulijua; kasha lilikuwa la picha nyingine.
Majambazi wanashuka mlimani, mume anauawa,
na asubuhi mkewe, sari ya manjano, yuko kisimani.
Shemeji anamuuliza. Kijiji kizima kimekuja.
Akajibu, kwa sauti nyembamba ya Nkwabi:
"Ndiyo. Mimi ndiye niliyewaonyesha njia.
Mwanamume gani yule, hata kuni hapasui!"
Tukapiga mayowe. Tukamrushia maganda ya karanga usoni,
yakagonga kioo, tak, tak,
naye akaendelea kuvuta kamba.

Nilimchukia miaka ishirini na saba.
Si kila siku, sitaki kutia chumvi.
Lakini palipotajwa mwanamke msaliti
uso ulionijia ulikuwa na sari ya manjano.

Juzi binamu yangu kaniletea kwenye flashi, akidhani nitafurahi.
Mvua ilikuwa inatwanga bati, sikuwa na la kufanya.
Kwanza nilitahayari: milima ni ya mbao,
jambazi mkuu amepakwa masizi badala ya ndevu,
na lile pigano tuliloigiza hadi Swedi akavunjika mkono
ni watu wazima wawili wanakumbatiana vumbini.
Nikasema, kumbe tulilipia takataka.
Nusura nizime.

Kisha kisima.
Shemeji anauliza, midomo inaenda.
Kamera inamgeukia mwanamke
na mwanamke hasemi kitu.
Nikaongeza sauti. Kamba, gurudumu, kunguru mmoja.
Nikarudisha nyuma. Hasemi.
Anavuta ndoo mpaka inafika ukingoni,
anaitua, maji yanammwagikia kidogo miguuni,
dakika mbili nzima, mdomo umefungwa
kama mlango wa mtu aliyelala.

Mwaka ule ule mama mdogo Nyanzala
alirudi kutoka kwa mumewe, Sikonge,
na sanduku moja na cherehani.
Hakutoa sababu.
Tukamtafsiria.

Nilikwenda Kiloleni kumtafuta Nkwabi, nimefura.
Nikamkuta anauza vocha na mayai ya kuchemsha,
jicho moja lina ukungu.
"Kihindi?" Alicheka hadi akakohoa.
"Kihindi nilijua namaste tu,
na hiyo niliipata kwa muuza vitambaa.
Mengine nilisoma nyuso.
Sasa pale kisimani, dakika mbili za kimya,
watoto sitini, mashine inanguruma,
wewe ungekaa? Nani alilipa hamsini aje kusikiliza kamba?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yalinikauka.
Kweli, nisingekaa.
Hata mvua ile ya juzi, kama isingeninyeshea mlangoni,
nisingekaa.

Nikaiwasha picha kwenye simu, tukaegemea kabati la vocha,
vichwa viwili juu ya kioo cha kiganja.
Alipotokea shemeji, Nkwabi alisafisha koo,
mkono ukapanda kidogo, vidole vimekunjwa
kama vimeshika kitu.
Ukashuka.

Ndoo ikaanza kupanda.
Akaja mteja, anataka mayai mawili na chumvi,
anagonga sarafu kwenye kabati.
Hatukugeuka.
"Subiri," Nkwabi akasema,
"kuna mtu hapa hajamaliza."